Mwani Wako Umefika Kilifi

Shangazi yangu mpenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limetulia na upepo wa kusi haujakuzuia kushuka pwani. Nimekaa kibarazani mwa bweni tulilopangiwa hapa Kilifi kwa kongamano la utafiti wa wanafunzi, wenzangu wamelala, nami nimeona nikuandikie mambo yangali mabichi. Kwenye simu utaniuliza tu, "Enhe, walisemaje?" na hilo halijibiki kwa dakika mbili. Kurasa hizi nitazipiga picha nimtumie binamu kwa WhatsApp akusomee. Mwambie asiruke kitu.

Walisema mengi, Shangazi, na yote mazito yalihusu mambo uliyoyashikilia wewe tangu siku tulipoanza kupima joto na ukuaji wa mwani. Nitafika huko. Kwanza nikupe safari, maana najua unapenda kujua watu wamepita wapi na wamekula nini.

Tulitoka Malindi, bandarini Unguja, kwa boti ya asubuhi. Kusi lilikuwa limechachamaa. Tulipoviacha visiwa vidogo nyuma, mawimbi yakatupokea, wahudumu wakapita wakigawa mifuko, na kila mtu akashika dua yake. Mimi nilikumbatia bango langu mpaka Dar es Salaam. Bango hilo ndilo karatasi kubwa iliyochapishwa utafiti wote, sentimita 84 kwa 119, na likikunjika limeharibika. Msimamizi wetu alitushauri tuyaviringishe mabango ndani ya mabomba ya plastiki ya mafundi maji, yazibwe kwa vifuniko huku na huku. Tukawa wanafunzi wanne wenye mabomba begani, na popote tulipopita watu walidhani tunakwenda kutandika maji.

Dar tulilala kwa jamaa wa mwenzetu mmoja kule Mbezi, karibu na kituo kikubwa cha mabasi cha Magufuli, na alfajiri tukapanda basi la Mombasa. Njia ni ndefu lakini inafundisha. Chalinze ni supu na chapati za haraka. Ukivuka Wami, nchi inakauka kidogo, kisha unafika Segera, na ukipinda kuelekea Tanga, kijani kinarudi. Muheza ni msimu wa machungwa sasa, vijana wanayainua mpaka dirishani, na mimi nilinunua mfuko mzima. Baada ya hapo ni mkonge, mistari kwa mistari, hadi Tanga mjini. Nilimkumbuka babu na hadithi zake za manamba, wale vibarua wa mkonge.

Mpakani ni Horohoro kwa upande wetu na Lunga Lunga kwa upande wa Kenya. Siku hizi hugongewi mhuri mara mbili katika majengo mawili. Ukiwa unaingia Kenya, maofisa wa nchi zote mbili utawakuta chini ya paa moja upande wa Kenya, na ukirudi ni vivyo hivyo kwa upande wetu. Hapo ofisa mmoja alilitazama bomba langu akaniambia nilifungue. Nikalitoa bango, nikalikunjua juu ya meza yake, naye akaanza kulisoma kwa utulivu mkubwa kama vile foleni nyuma yangu haipo. Akanyanyua uso. "Mwani? Bibi yangu yuko Vanga, na huko pia wamama wanauzungumzia sana mwani. Sasa nyinyi mnasema tatizo ni nini, joto au ugonjwa?" Nikamwambia vyote viwili, kwamba joto linaanza na ugonjwa unamalizia. Akaniuliza maswali ya kweli, Shangazi, yale ya mtu anayetaka kujua. Nililiviringisha tena bango nikiwa na moyo mkubwa zaidi kuliko niliotoka nao nyumbani.

Kutoka hapo barabara inafuata pwani. Kuna njia ya kushukia Shimoni, ambako jirani yake ni Kibuyuni, kijiji cha wanawake wakulima wa mwani. Mbele zaidi unaipita Gazi, na hapo nilimwomba dereva apunguze mwendo niuone msitu. Gazi nimeisoma darasani. Tangu mwaka 2013 wanakijiji wa hapo wanalinda hekta 117 za mikoko yao na wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo pamoja na tope lake. Fedha zimetumika kwa maji ya kijiji na kwa skuli. Mradi wenyewe unaitwa Mikoko Pamoja, na ulikuwa wa kwanza duniani wa namna hiyo kwa msitu wa mikoko. Kinachonivutia ni kwamba watafiti walikuwa wakipima miti Gazi kwa miaka mingi kabla ya hapo, na vipimo vyao vikaishia kuwa bomba la maji kijijini. Niliutazama ule msitu nikiwaza kwetu Jambiani.

Likoni tulivuka kwa feri tukiwa tumebanana na mikokoteni, wachuuzi wa njugu na watu wanaorudi makwao kutoka kazini. Mombasa tuliipita jioni, taa zinawaka, tukaishia Kilifi usiku kwa kuvuka lile daraja refu juu ya mkono wa bahari. Daraja ni la mwaka 1991. Kabla ya hapo watu walivuka kwa feri, na mama lishe wa hapa bado anasimulia misururu yake.

Sasa kongamano. Lilifanyika katika Chuo Kikuu cha Pwani, chini ya mibuyu mikubwa, na vijana walitoka Kenya, Uganda, Rwanda na kwetu. Sote ni wa shahada ya kwanza, hakuna hata mmoja aliyefika ngazi za juu. Kila mtu amekuja na kile alichokipima mwenyewe. Wengine wanasimama mbele ya ukumbi na kuzungumza dakika kumi, kengele ikilia wanashuka. Wengine, nikiwamo mimi, wanabandika mabango ukutani na kusimama kando yake. Majaji wanapita na fomu zao, na watu wote wanapita, na unaeleza tena na tena mpaka sauti inakauka. Mimi naipenda zaidi njia hii ya pili. Jukwaani unasema na watu wanasikiliza. Ukutani mtu anakujia hadi puani, anaweka kidole kwenye mchoro wako, anauliza.

Mzungumzaji wa ufunguzi alitueleza habari ya Erasto Mpemba, na najua utaipenda. Mwaka 1963 Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu skuli ya Magamba, kule Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayatia kwenye friza. Siku moja nafasi ilikuwa finyu, akayatia yake yangali moto. Yakaganda kabla ya yale yaliyopozwa. Alipomuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa skuli ya Mkwawa, Iringa, akaja mgeni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam. Mpemba akasimama akauliza swali lile lile mbele ya wote, na wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni kwake, akaagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha makala yao pamoja. Hadi leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, lini, na kwa sababu gani. Ukumbi mzima ulikuwa kimya. Mimi nilimwaza yule kijana aliyesimama kuuliza mara ya pili baada ya kuambiwa amechanganyikiwa. Hapo panahitaji moyo.

Siwezi kukueleza kazi zote nilizoziona, lakini mbili tatu lazima uzisikie.

Mwanafunzi wa Mombasa alikuwa akihesabu kunguru kwenye majaa ya taka. Hawa ni kunguru wale wale wanaotusumbua Unguja, walioletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 kisha wakaenea pwani yote. Kenya ilitangaza mwaka 2024 kwamba inataka kuwaondoa milioni moja. Yeye anasema ukiwaua bila kuondoa taka wanazokula, nafasi yao itajazwa. Nilimwona ana haki. Mwingine alitoka upande wa Kisumu, akazungumzia magugu maji ya Ziwa Viktoria na wale wadudu waliopandikizwa miaka ya 1990 ili wayale. Mazungumzo mazuri, ila dakika zake ziliishia kwenye utangulizi.

Aliyenishika hasa ni binti wa Arusha. Unamkumbuka yule bwana wa Meru aliyekuja kujenga hoteli hapo kwetu, meno yake yalikuwa ya kahawia, na watu wakisema ni tumbaku? Si tumbaku, Shangazi. Ni maji ya kwao. Ardhi ya volkano pale chini ya Meru na Kilimanjaro hutoa madini ya floraidi kwa wingi, yanaingia kwenye visima na chemchemi, na mtoto anayeyanywa wakati meno yake yanaota hubaki na alama hiyo maisha yake yote. Yakizidi sana hupinda hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Dawa inayotumika huko ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwenye tanuri lisiloingiza hewa nyingi, inasagwa chembe chembe, maji yanapitishwa humo, na mfupa unayashika yale madini. Lakini mkaa huo unachoka. Siku moja unajaa na hauwezi kushika zaidi, na kwa macho maji yanaonekana vile vile, safi, mazuri. Binti huyu alikuwa akitafuta njia rahisi ya kumjulisha mama mwenye ndoo nyumbani kwamba chujio lake limekwisha nguvu. Watu wakamuuliza kila kitu, hadi kama mifupa hiyo ni ya mnyama aliyechinjwa kisheria. Naye hakulipuuza swali hilo. Alisema kwenye vijiji alivyokwenda ndilo swali la kwanza, na asipolijibu vizuri hakuna atakayekunywa, hata maji yawe safi namna gani. Alipewa zawadi ya kwanza, na alistahili.

Haya, sasa sisi.

Bango letu lilikuwa ukuta wa upande wa bahari, dirishani, mwanga mzuri. Juu nimeweka ile picha ya mashamba wakati wa bamvua, maji yamepwa mpaka vigingi vimesimama wazi, na wewe umeinama na kamba mkononi. Uso hauonekani, kama ulivyotaka. Chini yake michoro ya joto, kisha michoro ya ukuaji, kisha tulichokielewa.

Jaji wa kwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliweka kidole kwenye ramani ya mashamba. "Hizi kamba ulizopima uzito kila wiki, ziko kwenye shamba moja au mengi?" Nikamwambia mengi: moja lenye mkondo, moja lenye majani ya bahari, moja la mchanga mtupu, na katika kila moja kamba kadhaa. Akatikisa kichwa cha kukubali, akaniambia kwamba hilo ndilo alilolikuta likikosekana kwenye mabango mengi siku ile. Kamba thelathini za shamba moja, alisema, ni ndugu wa nyumba moja: wakiugua wote, huwezi kujua kama ni maradhi ya mji mzima au ni maji ya kisima chao tu. Kisha akauliza, "Ni msimamizi wako aliyekupangia hivi?"

Nikamwambia ni shangazi yangu.

Nilimweleza ile siku nilipokuja na vipimajoto nikitaka kuvifunga vyote shambani kwako kwa kuwa ni karibu na nyumbani, nawe ukakataa katakata. Ulisema shamba lako lina mkondo, maji yanatembea, na nikipima hapo peke yake nitawadanganya watu. Ukanishika mkono ukanipeleka kwa majirani, ukawaombea ruhusa mwenyewe. Jaji aliandika kitu kirefu kwenye fomu yake. Msimamizi wangu alikuwa amesimama nyuma, akasema, "Ni kweli, mimi niliikuta imeshapangwa."

Swali la pili lilitoka kwa jaji mwingine, bwana mmoja wa mambo ya bahari. Aliuliza kwa nini vipimo vyetu vya joto ni vya juu kuliko vile anavyoviona kwenye takwimu za setelaiti. Nikamjibu kwamba setelaiti inaona uso wa bahari pana, na mwani haukai huko. Mwani uko sentimita chache juu ya mchanga, ndani ya mwamba, na siku za bamvua la kaskazi maji hupwa kabisa kuanzia saa nne asubuhi kuelekea adhuhuri, jua likiwa kali kuliko saa nyingine yoyote. Yanabaki maji ya kifundoni, hayaendi popote, yanachemka. Ndipo ulipotutaka tufunge kipimajoto: kwenye kigingi, usawa wa mwani wenyewe. Nikamtajia pia kwamba Dk. Flower Msuya, aliyeutafiti mwani wa Zanzibar kwa miaka mingi, amewahi kuripoti joto hadi nyuzi 38 kwenye maji haya ya kina kifupi. Yule bwana akasema basi setelaiti na wakulima wanazungumzia bahari mbili tofauti, na akataka tuandike sentensi hiyo kwenye makala.

Watu wengi walitaka kujua habari ya kotoni. Niliwasimulia vile ulivyonisimulia: jinsi kilimo kilivyoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, mbegu zilitoka Ufilipino, na kulikuwa na aina mbili, spinosamu na kotoni. Kotoni ndiyo yenye bei nzuri, kwa kuwa karaginani yake, ule utomvu unaogandisha vyakula na dawa za meno viwandani, inagandisha kwa nguvu zaidi. Kisha ikaanza kufa. Inageuka nyeupe kwenye matawi, inalainika, inakatika, na maji yanaichukua. Sasa Unguja karibu kote watu wanapanda spinosamu yenye bei ya chini, kwa sababu ndiyo inayovumilia. Walipouliza ushahidi wangu ni nini kwamba zamani kotoni ilistawi mahali pale pale, niliwaambia ninao wanawake walioivuna. Hakuna aliyebisha.

Nikawaonyesha tulichokipata: kwenye kina kirefu, kwenye kamba zinazoelea, joto halikupanda ghafla kama kwenye vigingi, na kotoni tuliyoining'iniza huko ilibaki na rangi yake na iliongeza uzito. Watu walifurahi. Mmoja alisema, "Basi jibu mnalo."

Hapo akaja msichana mmoja mwanafunzi, mwembamba, kitambulisho chake kinasema anatoka Kwale. Alisoma bango lote kimya, mpaka mstari wa mwisho. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, na siku nzima tulikuwa tukisema Kiingereza: "Mama yangu ni mkulima Kibuyuni. Hajui kuogelea. Huko kwenye kina atafikaje?"

Shangazi, hilo ni swali lako. Neno kwa neno ni swali lako. Ulinitolea siku ile tuliporudi na mashua ya kukodi, nawe umesimama ufukweni umeshika kikapu, na mimi nikasema tutalijibu baadaye. Sasa limevuka mpaka likanikuta Kilifi.

Tuliacha bango tukaenda kukaa chini ya mbuyu na mahamri na mbaazi, tukazungumza mpaka kipindi cha mchana kikaanza bila sisi. Aliniambia kwao wanapanda spinosamu, wanaanika kwenye vichanja vilivyoinuliwa na si chini mchangani, na mwani unatoka safi. Nikamweleza kwamba Dk. Msuya na wanawake wa kwetu walijaribu kulima kwenye kina kirefu kwa nyavu ndefu zilizoshonwa mviringo, mwani unatiwa ndani ili mawimbi yasiuchomoe, na kwamba mwani ulikua. Tatizo lililobaki ni boti, na watu wa kwenda nayo. Nikamwambia pia kwamba kaskazini mwa Unguja kuna wasichana waliofundishwa kuogelea na wao wakawafundisha wenzao, tena wakiwa wamevaa mavazi ya stara kamili. Kwa hiyo haishindikani.

Lakini yeye alikuwa na hofu nyingine ambayo mimi sikuwa nimeifikiria kwa uzito huo. Mwani wa vigingini ni wa wanawake kwa sababu wanaufikia kwa miguu. Anashuka maji yakipwa, anapanda maji yakijaa, mtoto yuko karibu na chungu kiko jikoni. Ukiupeleka kwenye kina, unakuwa kazi ya mwenye boti. Na boti ni za nani? Za wanaume. Mwani ukihama mita mia chache tu kuelekea mwambani, fedha zinaweza kuhama mkono mzima, na hakuna kipimajoto kitakachoonyesha hilo kwenye mchoro. Nilinyamaza. Nilizikumbuka simulizi zako za miaka ya mwanzo, jinsi ulivyonunua bati la nyumba kwa fedha yako, na jinsi baba alivyokuwa akisema mwani ndio uliomsomesha binamu.

Nimelala na jambo hilo na nimeamka nalo. Naona sasa kwamba tulichokipima ni kweli, na nitakitetea mbele ya yeyote, ila ni nusu ya kazi. Maji ya kina yana ubaridi unaohitajika. Hilo tumelijua. Nani atayafikia, kwa chombo cha nani, saa ngapi, na mavuno yataandikwa jina la nani kwenye daftari la mnunuzi, hilo ndilo linalobaki, na haliwezi kupimwa na mtu asiyekuuliza wewe na wenzako kwanza. Nilimwambia msimamizi hivyo jana usiku wakati wa chakula. Alifikiri, akasema utafiti wa mwaka wa mwisho uanzie hapo, na tutafute mtu wa sayansi ya jamii atusimamie pamoja naye. Tumekubaliana na yule msichana wa Kwale: tutatumia maswali yale yale, Jambiani na Kibuyuni, tulinganishe.

Kuna jambo jingine lililozuka. Yule jaji mama alirudi kwenye bango siku ya pili, akasoma sehemu ya chini kabisa ya shukrani, ambapo tumeandika "wakulima wa mwani wa Jambiani". Akauliza kwa nini mtu aliyepanga mahali pa kupima na saa ya kupima yuko kwenye shukrani, na si juu pamoja na majina ya waandishi. Kulikuwa na ubishi kidogo. Mwalimu mmoja alisema mwandishi lazima aweze kuutetea utafiti wote. Jaji akamjibu kwamba huyu shangazi angeutetea kuliko nyinyi nyote hapa. Mimi nakubaliana naye kwa moyo wote. Makala itakapoandikwa ningependa jina lako liwemo, lako na la wale majirani wawili, kama mtaridhia. Lakini si uamuzi wangu. Usinijibu upesi, kaa nao muzungumze. Na kama hutaki jina lako lizunguke duniani, nitaelewa vile vile nilivyoelewa habari ya picha.

Sasa naomba msaada wako, kabla sijaja.

Waite wanawake wa upande wetu siku wanayopumzika, hapo barazani kwako, na mimi nikifika nitaleta bango hili hili. Nitalibandika kwenye ukuta wa nyumba ya mjomba na nitaeleza mchoro mmoja mmoja kwa Kiswahili. Nataka mniulize kama majaji walivyoniuliza, na zaidi. Halafu niulize mimi: nani anajua kuogelea, nani angependa kujifunza na nani hataki kabisa na kwa nini, nyumba ipi ina boti na nani hukaa na ufunguo wa mashine, na ni saa ngapi za siku mtu anaweza kuondoka nyumbani bila mambo kuharibika. Yule mzee mwenye ngalawa mbili pia mwite, anayo maneno ya kusema.

Vipimajoto nimevibeba, vimekwisha kufutwa na betri mpya zimetiwa. Mwambie binamu aangalie kalenda ya mwezi aniambie bamvua linalofuata linaangukia siku gani, ili nipange boti ya kurudi. Na kama kotoni ile ya kwenye kamba za kina bado ipo, usiivune yote. Bakisha mbegu za kutosha kamba tatu, moja kwa kila shamba.

Machungwa ya Muheza yamebaki machache, nitajaribu kuyafikisha. Nisalimie baba, nisalimie majirani wote wawili, na mpe pole bibi wa nyumba ya pili kwa mguu wake.

Wako mtiifu,
Mwanao wa chuoni